Sauti ya Laurenti

Valeria, acha chungu chako usome hii. Tumetoka studio ya Mitwero sasa hivi, mimi na mkwe wangu Witness. Shoga yangu, moyo umepasuka.

Si unajua marehemu mwanangu Laurenti alirekodi vitendawili vya wazee wa Rondo? Sauti yake yote imo kwenye seva ya pale tu, ile kompyuta yao kubwa ya kuhifadhia. Leo fundi Benedicto alikuwa anaibadilisha diski ya seva hiyo iendane na mfumo mpya. Ikaenda mwendo wa kobe. Asilimia mbili. Tukanywa chai chini ya feni, bado asilimia mbili!

Witness akamtania, "Fundi, hii diski imeshiba ugali wa muhogo?"

Benedicto akafunga programu nyingine, akabadili waya, wapi! Mwisho akainamisha sikio. Diski inagonga ndani, ko, ko, ko.

"Dada Witness," akasema, "hii si mvivu. Inakufa."

Inakufa, Valeria! Inakufa!

Witness akamwuliza taratibu, "Kwa hiyo Laurenti anakufa tena?"

Kwenye kitendawili ukishindwa unatoa mji, unapewa jibu. Ningempa Benedicto Lindi nzima. Yeye akakimbilia kunakili alichoweza.

Aliwahi kuokoa kipande kimoja tu, diski ikanyamaza. Wala si kitendawili. Ni Laurenti anacheka, anasema, "Witness mke wangu, zima hiyo feni, inaingia kwenye sauti."

Valeria, Witness akainuka, akaenda mpaka ukutani, akaizima feni.