Kitabu Kilikuwa Changu

Nunguni, Jumamosi jioni. Ukungu haujainuka tangu asubuhi.

Wacha niandike kabla sijapata njia ya kujitetea.

Tangu mwaka jana, kila Jumamosi, mimi na Kalekye, muuguzi wa zahanati, tumekuwa tukienda jikoni kwa Mama Njeri. Yeye na mzee wake walitoka Nyeri wakafungua duka hapa. Anaoka keki kwa sufuria, makaa chini, makaa juu ya kifuniko. Tukingoja iive, mimi hufungua kile kitabu kikubwa cha historia ya sanaa nilichoachiwa na mwalimu mzungu aliporudi kwao. Nawasomea, natafsiri, tunabishana. Siku moja tulitazama mkate uliochorwa juu ya meza, picha ya zamani sana. Mama Njeri akasema, "Huu uliungua kushoto. Moto wake ulikuwa upande mmoja." Tulicheka mpaka keki yetu nayo ikashika chini.

Sijawahi kuwa na marafiki kama hao.

Halafu nikakisahau kitabu kwake. Mwenyekiti wa akina mama wa kanisa alienda kununua sukari, akakiona kwa kaunta, akakibeba. Jumapili iliyopita, baada ya ibada, alikifungua mbele yetu mahali penye sanamu ya mwanamume asiye na nguo.

"Uchafu huu ni wa nani?"

Mimi hufundisha watoto Sande skuli. Mwalimu mkuu wa shule ninayofundisha ni mzee wa kanisa hilo hilo. Niliangalia viatu vyangu.

"Ni changu," Mama Njeri akasema.

Wakamtoa kwenye kikundi cha akina mama hapo hapo. Mmoja akanong'ona kwa Kikamba, lugha yetu ya hapa, kwamba hawa watu wa kuja ndio wanaleta mambo kama haya. Mama Njeri hakuelewa. Mimi nilielewa kila neno, na bado nikanyamaza.

Leo ndiyo nimeenda kwake. Jiko lilikuwa baridi. Kalekye alikuwa ameketi hapo. Aliponiona alichukua leso yake akatoka bila kunisalimia. Nikaanza kuomba msamaha, Mama Njeri akanikatiza.

"Ya Jumapili nilikusamehe, Mwalimu. Uliogopa kazi yako. Mimi nina duka, hawawezi kunifuta. Lakini Jumatatu ulikuwa wapi? Jumanne je?"



Nilitoka hapo nikaenda moja kwa moja kwa mwenyekiti, nikamwambia kitabu ni changu. Akasema, "Basi kesho utasema hivyo mbele ya kanisa lote." Nikakubali. Nikarudi mbio kumwambia Mama Njeri, nikidhani atafurahi.

Aliendelea kupepeta mchele. "Sema," akanijibu. "Lakini mimi sitakuwepo. Hapo sirudi tena."

Kesho nitasimama niseme. Mtu niliyetaka asikie hatakuwa ndani.