Kanda ya Baba Kwenye Tangazo la Supu

Mama yangu mpenzi,

Shikamoo. Natumai umesharudi kutoka Moa salama, na lile goti halikukusumbua njiani. Hali ya baba naiulizia hapa mwanzo, ingawa najua jibu lako litakuwa lile lile: yupo, anakula, hamjui mtu. Mimi ni mzima. Baridi ya Japani imenikomaza, navaa soksi mbili mbili na uji wa pilipili manga haunikosi asubuhi. Nakuandikia kwa mkono kwa sababu hupendi kusoma kwenye simu. Nitaipiga picha barua hii nimtumie dada Rukia, yeye aitoe stesheneri akuletee.

Mara ya mwisho tulipozungumza uliniambia nisije. Ulisema, "Mwanangu, utapanda ndege kutwa kucha uje ukae mbele ya baba yako, akuulize wewe nani. Mimi nishazoea. Wewe utaumia bure." Nilikasirika, mama, nisikufiche. Nikakata simu bila kuaga, na hilo naomba unisamehe. Lakini hebu fikiria: kazi yangu hapa ni kuwaogesha na kuwalisha wazazi wa watu, ambao nao hawamjui mtu. Halafu wangu nisimwone?

Sasa ngoja nikupe kisa. Wazee wetu wakishakula mchana tunawakalisha ukumbini mbele ya televisheni. Watu wa huku wana mtindo wao: wakitaka kuwauzia watu wazima kitu, wanatafuta wimbo uliopendwa zamani wanauweka kwenye tangazo. Wimbo wa ujana wa mtu unauza dawa ya magoti, unauza bima, unauza bia. Wazee wakiusikia wanatikisa vichwa, wengine wanafuta machozi, na tangazo lenyewe halifiki hata dakika moja. Mwezi uliopita likaja tangazo la supu ya pakiti. Mama mmoja anafunga boksi la mboga ampelekee mwanawe mjini. Na wimbo uliokuwa ukipigwa, mama, ni ule wa kwenye teksi ya baba!

Hujausahau, ulivyokuwa ukiulalamikia. Ile teksi nyeupe ilitoka huku Japani na kanda imenasa ndani ya redio. Fundi akasema kuitoa ni kuivunja redio, baba akamwambia, "Iache. Huyo mgeni wetu." Basi miaka yote ile abiria wa Raskazone, wazungu wa kwenda Ushongo, na sisi wenyewe kila Idi tukienda Moa kwa bibi, tulimsikiliza yule mwanamke akiimba maneno asiyoyaelewa mtu. Baba alishikilia kwamba anahimiza subira. Wewe ukasema hapana, anamlalamikia mume. Jua la Tanga likaipika ile kanda, na katikati ya kiitikio sauti ikawa inazama na kuvutika kama ya mtu anayepiga miayo, kisha inarudi. Sisi tukajua ndivyo wimbo ulivyo. Hata kwenye harusi ya dada tuliuimba na miayo yake.

Basi pale ukumbini nikaweka sinia chini, nikaimba. Tulipofika kwenye kiitikio yule wa kwenye televisheni akapita moja kwa moja, mimi nikabaki nyuma nikiivuta sauti. Wenzangu walicheka mpaka wakashika ukuta. Lakini Bibi Haru, ambaye tangu nianze kazi sijawahi kusikia sauti yake, aliimba mpaka mwisho, na tangazo likiwa limekwisha zamani. Kisha akapigapiga kiti cha pembeni yake ili nikae, akaniuliza kama nimekula. Nilikwenda stoo ya mashuka nikalia. Nilimwonea wivu mwanawe, kwa sababu swali lile lilikuwa la kuulizwa yeye.

Jioni mwenzangu mmoja akanieleza maana ya ule wimbo. Ni binti aliyepanda treni akaondoka kwao, hajui lini atarudi. Kwa hiyo wewe na baba mlibishana miaka yote, na nyote wawili mmekosa.

Jumapili, wewe ukiwa Moa kwenye hitima, nikampigia dada. Nilimwomba asikuambie mpaka nikuambie mwenyewe, naye akamwekea baba simu kwa spika. Nilisema, "Shikamoo baba, ni mimi, Mwanaidi." Akajibu kwa adabu zote, "Marahaba, mama. Unamtaka nani?" Iliniuma kama ulivyosema itaniuma. Nikampigia ule wimbo wa kwenye tangazo, safi kabisa, kila neno mahali pake. Dada akaniambia anachezea kifungo cha shati, hasikilizi. Nikakaribia kukata.

Halafu nikasema, acha niimbe mwenyewe. Nikauimba wa kwetu. Nilipofika kwenye kiitikio nikaizamisha sauti, nikaiburuta vile vile ilivyokuwa ikiburuta njia ya Moa. Nilisikia kiti kinalia. Kisha nikamsikia baba, kwa ile sauti yake ya kwenye usukani:

"Punguza redio, Mama Rukia. Mwanaidi kalala huko nyuma."

Mama, ametutaja sote wawili. Nilimaliza wimbo kwa sauti ya chini, kama alivyotaka. Nilipomwita tena, dada akasema amerudia kifungo chake.

Nimeomba likizo na nimekubaliwa. Nitafika kabla ya Ramadhani, usinikatalie tena. Nisalimie dada Rukia na mumewe, shemeji yangu mpenda ubishi. Mpe salamu shangazi wa Moa anayekushonea madera, na yule jirani anayekaa na baba ukienda sokoni, mwambie sijui nimshukuruje.

Wala usihofu kwamba nitakuja na matumaini makubwa. Kazi hii naijua. Akiniuliza mimi nani, sitabishana naye. Nitatandika mkeka pembeni ya kitanda chake, nijilaze, nifumbe macho. Nikilala ananijua.

Mwanao akupendaye,
Mwanaidi