Kadi Thelathini na Nne Zilizosema "Ametema"

MAELEZO YA SHAHIDI

Kituo kidogo cha polisi, Mtaa wa Mikaratusi, Kitale
Jumatatu, tarehe 16 Juni 2025. Kuanza: saa nne na dakika kumi asubuhi.

Jina: Wacuka Ngige
Umri: miaka 23
Kazi: karani wa rekodi, Kliniki ya Meno ya Lulu Nyeupe, Kitale na Bungoma
Makazi: Saboti, kwa wazazi

Mimi ndimi niliyetajwa hapo juu. Ninatoa maelezo haya kwa hiari yangu. Hakuna aliyenilazimisha. Ninaogopa, na nimemwomba afisa aandike kwamba ninaogopa.

Nimefanya kazi chini ya Bwana Job Kagwe tangu mwezi wa Februari. Wagonjwa humwita Daktari, nami nilimwita hivyo. Katika kabati la faili ninalolitunza hakuna cheti chake hata kimoja cha udaktari. Kuna cheti cha semina ya siku mbili ya wauzaji wa dawa ya meno. Hicho amekitia fremu.

Bango la kliniki linasema kwamba jino likipakwa floraidi, kisha likamulikwa kwa leza, halitaoza. Nilitafuta habari hiyo nikaisoma ili niweze kuwajibu wazazi. Ni kweli wataalamu wanaichunguza tiba ya namna hiyo, kwa mashine maalumu na kwa vipimo. Bwana Kagwe alisoma kichwa cha habari akatosheka.

Floraidi mimi naijua kwa mdomo wangu. Nilizaliwa upande wa Nakuru, na maji ya kisima chetu yalikuwa nayo nyingi kupita kiasi. Ndiyo maana meno yangu yana madoa ya kahawia. Kidogo hulinda jino, nyingi huliharibu. Siku yangu ya kwanza kazini Bwana Kagwe aliniambia, "Karani, wewe vaa maski. Hayo meno yatanifukuzia watu." Nimevaa maski kwa miezi minne.

Mnamo tarehe 6 Juni, siku ya Ijumaa, nilifuatana naye Bungoma. Mnamo saa tano asubuhi aliingia katika duka la vifaa vya ujenzi akaomba kuonyeshwa leza. Muuzaji alileta kifaa cheusi, kidogo kama tofali nusu. Akauliza, "Unataka ya ukuta ama ya taili?"

"Ya meno," Bwana Kagwe akajibu.

Muuzaji alicheka. Mimi pia nilicheka, kwa kuwa nilidhani ni mzaha. Tulipofika kwenye gari, alibandua karatasi yenye picha ya ukuta kwenye kifaa alichonunua, akaniambia nikaitupe. Niliitupa.

Mnamo tarehe 14 Juni, siku ya Jumamosi, tulipangiwa kutibu watoto thelathini na wanne katika ukumbi wa madrasa hapa Kitale. Bwana Kagwe ana desturi moja. Hataki foleni isimame ikingoja karani aandike, kwa hiyo kadi hujazwa siku moja kabla ya kazi. Ijumaa, kuanzia saa tisa hadi saa kumi alasiri, nilijaza kadi zote. Kila kadi niliiandika hivi: Floraidi, imepakwa. Ametema, ndiyo. Leza, imefanyika. Hali ya mtoto, nzuri. Nikatia sahihi mara thelathini na nne. Nilisomea kutunza rekodi, na nilijua nilichokuwa nikifanya.

Jumamosi saa mbili na nusu asubuhi tulikuwa ukumbini. Nilimwonyesha Bwana Kagwe maagizo yaliyokuja na jeli ya floraidi. Yalisema asipewe mtoto aliye chini ya miaka sita, iwekwe kidogo tu, na mtoto ateme mara inapotolewa. Nikamwambia kuna watoto tisa wasiofikisha miaka sita.

"Hawa wamelelewa wakila udongo," alisema. "Ati watashindwa na jeli ya ndizi?"

Jeli ilikuwa na ladha ya ndizi. Aliijaza hadi ukingoni katika vikombe laini vya plastiki vyenye umbo la meno, kisha akawaambia watoto waviume kwa dakika nne. Beseni la kutemea lilikuwa moja, nje, karibu na mfereji. Vikombe vilipotolewa, aliwaambia wabaki kwenye viti wangojee leza. Wakubwa walikimbia nje wakatema. Wadogo walibaki wamefumba midomo.

Saa tatu na dakika ishirini nilimfikia Sumeya, binti wa Hamdun. Ana miaka mitano. Nilimuuliza kama ametema. Akatikisa kichwa.

"Ustadhi amesema humu ndani hatutemi," alisema. "Na mbele ya watu wakubwa pia hatutemi."

"Sasa umeipeleka wapi?"

Akaweka kidole tumboni mwake.

Kadi yake ilikuwa mkononi mwangu, na ilisema ametema. Sikuifuta. Nilimwendea Bwana Kagwe, nikamwambia mtoto amemeza, labda na wengine wamemeza.

"Hiyo si sumu ya panya, bana," alisema. "Ita anayefuata."

Nikamwita anayefuata.

Saa tatu na dakika arobaini Hamdun alikuja kumchukua binti yake. Ni fundi wa ujenzi na anakaa karibu na msikiti. Alimkuta Sumeya ameachama, amefumba macho kama alivyoagizwa, na mstari mwekundu umekatiza meno yake. Hamdun alisimama akakitazama kile kifaa.

"Daktari, hiyo si ya kupimia ukuta?"

"Mzee, wewe kaa na simiti yako," Bwana Kagwe alisema. "Mambo ya meno yana wenyewe."

"Ninayo kama hiyo nyumbani. Yangu hata ni kubwa kuliko yako."

Wazazi wawili walicheka. Bwana Kagwe alisema ndiyo sababu tiba za kisasa hazifiki kwa watu wa namna hii, na kwamba huko Bungoma, karibu na Chuo Kikuu cha Kibabii, watu wamesoma na hawamuulizi maswali. Hamdun alikichukua kile kifaa mezani, akakiweka juu ya kiti, akakiwasha. Mstari mwekundu ulinyooka ukutani kutoka pembe hadi pembe.

"Iko sawa," alisema. "Ni huu ukuta wenu umeinama kidogo upande wa dirisha. Meno ya mtoto wangu je, yameinama?"

Hapo hapo Sumeya alitapika. Alitapika mara mbili, akashika tumbo, kisha akalegea mikononi mwa baba yake. Hamdun aliondoka naye mbio.

Bwana Kagwe aliniambia nichukue kadi, twende hospitali kabla fundi hajatuharibia jina. Tulifika saa nne na dakika tano. Daktari wa zamu, Daktari Rosaline, alimuuliza Hamdun mtoto amemeza nini na kiasi gani. Hamdun hakujua. Bwana Kagwe akampa daktari ile kadi.

"Rekodi iko wazi, ametema," alisema. "Muulizeni baba yake mtoto alikula nini asubuhi. Mandazi ya barabarani, si ndiyo kawaida yao?"

Daktari Rosaline alisoma kadi, akaanza kuuliza habari za chakula. Bwana Kagwe aliniinamia sikioni.

"Mwandiko ni wa nani?" aliniuliza. "Mimi sijaandika hata herufi."

Kulikuwa na saa ukutani mbele yangu. Nilinyamaza kwa dakika kumi na moja, na katika dakika hizo Sumeya alitapika tena.

Kisha nilivua maski. Nilimwambia Daktari Rosaline kwamba kadi ni ya uongo, kwamba mtoto alimeza jeli yote, nikampa yale maagizo yenye kipimo. Aliagiza maziwa mara moja, ya kuifunga floraidi tumboni, kisha dripu, na wauguzi wakamuunganisha mtoto na mashine ya kupima moyo. Bwana Kagwe aliwaambia wasimsikilize karani mwenye meno ya kahawia.

Hamdun aliniuliza, "Dada, uliiandika lini?"

Nikamwambia, "Jana."

Alirudia hilo neno polepole, akarudi kwa mtoto wake.

Leo saa moja asubuhi nilipita wodini. Sumeya amekunywa uji na moyo wake umetulia, ingawa bado hajaruhusiwa kwenda nyumbani. Wengine wanne walitapika wakapona. Nimemkabidhi afisa kadi zote thelathini na nne. Mwandiko ni wangu. Bwana Kagwe asiponywe na mwandiko wangu, wala mimi nisiponywe na woga wangu.

Sina la kuongeza wala la kupunguza. Haya ndiyo ninayoyajua.

Sahihi ya shahidi: W. Ngige

MAELEZO YA AFISA

Mimi Konstebo Jepkemboi ndimi niliyeandika maelezo haya. Saa sita kasorobo, kabla ya kutia sahihi, shahidi aliona kwamba sentensi isemayo "amesomewa na amekubali kuwa ni kweli" nilikuwa nimeshaiandika chini ya ukurasa kabla ya kumsomea, kama tulivyozoea ili kuokoa muda. Alikataa kutia sahihi. Nimeikata sentensi hiyo kwa mstari mmoja, nikamsomea yote tangu jina lake. Alirekebisha mahali pawili. Nilikuwa nimeandika "dakika kumi", akasema ni kumi na moja. Nilikuwa nimeandika "Daktari Kagwe", akasema ni Bwana.

Ndipo alipotia sahihi. Saa sita na dakika ishirini na tano mchana.

Amesomewa na amekubali kuwa ni kweli.