Kilomita themanini za baba

Shoga, uko hapo? Nimejifungia chooni kwa baba, nalia kama mtoto.

Si nilikwambia leo fundi wa umeme anakuja kubadilisha chaja ya gari la umeme la baba, ile ya zamani ilikufa jana? Kuna ndogo ya kuchomeka kwenye soketi ya kawaida, na kubwa ya ukutani inayojaza gari haraka. Fundi akauliza mzee anaendesha kilomita ngapi kwa siku. Mimi na kiherehere changu nikajibu, huyu ni dukani na kurudi, weka ndogo.

Baba akasema polepole, "Themanini."

Nikacheka. Nimemcheka baba mbele ya fundi, shoga. Nikamwambia acha utani, themanini unakwenda wapi?

Fundi akaingia kwenye gari, akasoma dashibodi. "Dada, mzee hatanii. Themanini kila siku, wiki nzima."

Baba akawa anaangalia viatu vyake. "Naenda hospitali. Saa kumi, saa ya kuona wagonjwa. Naegesha chini ya dirisha la mama yako, muda ukiisha narudi."

Mama, shoga. Mama tuliyemzika mwaka juzi, wewe ndiye uliyenishika mkono makaburini.

Na kila jioni nampigia baba simu, namuuliza ameshindaje. Ananijibu, "Nipo tu, mwanangu." Nipo tu. Nami nakata simu, naendelea na yangu.

Fundi akauliza tena, kubwa au ndogo. Nimemwonyesha kubwa kwa kidole, nikakimbilia huku.