Mawingu ya Injinia Kanyesigye

Base Camp, Nakivale
9 Oktoba 1988

Dada Zuhura,

Salamu nyingi zikufikie huko Uvira, wewe na watoto, pamoja na Kaka Abdullah. Mguu wako umepona? Mimi na mke wangu Hajara tu wazima, ila mgongo unaniuma kwa mizigo, na jua la huku halina adabu. Mvua za Septemba hatujaziona.

Nilipata kibarua Mbarara, katika ofisi ya mradi wa kilimo. Kazi yangu ni kubeba jenereta na kuiwasha. Mkubwa wetu ni Injinia Kanyesigye, kijana mwenye tumbo la mzee, asiyeweza hata kujifungulia mlango wa gari. Wazungu fulani waliwapa mashine kuukuu waliyokwisha kuichoka: kioo kama cha televisheni, kizito kama ng'ombe mfu. Kinaonyesha picha za mawingu zilizopigwa kutoka juu angani, hazina rangi, ni nyeusi, nyeupe na kijivu tupu. Kila picha inajichora mstari kwa mstari, hata unaweza kumaliza chai. Zikishaingia zote, injinia anabonyeza kidude, zinapita upesi moja baada ya nyingine na mawingu yanatembea. Ya mwisho ikipita, inarudi ya kwanza. Ndiyo maajabu yote: mawingu yale yale yanazunguka kama mbuzi kwenye kamba.

Mwezi wa saba, kiangazi kikali, niliyaona yakizunguka mbele ya maofisa wa kambi ya jeshi, nao wakapiga makofi. Injinia mwenyewe aliniambia njiani, huku akicheka, kwamba picha ni za mwaka mwingine.

Mwezi uliopita tukaileta hapa Base Camp. Watu walijaa ghalani mpaka milangoni. Mawingu yalipofika juu ya ziwa letu, akina mama wakapiga vigelegele. Mzee Swaibu, anayetusalisha, akauliza kwa heshima kama mvua ile ni yetu. Injinia angeweza kusema kweli. Lakini makofi yalikuwa yamemlevya, akajibu kwamba picha haisemi uongo. Kesho yake watu wakaanza kupanda katika vumbi, wenye akili na wasio nazo.

Nilizunguka kuwaeleza. Nasur mwenye duka akanijibu mbele ya wateja, "Wewe Sumaili, mchukuzi wa jenereta, mawingu umeyasomea wapi?" Wakacheka wote. Nikawaacha. Mtu anayeamini kioo kuliko ngozi yake mwenyewe inayoungua, utamfanya nini?

Nyumbani nikamkataza Hajara asiguse maharage ya Mama, yale mekundu ya madoadoa niliyotoka nayo kwetu. Kila msimu tunakula na kubakiza ya kupanda, na hakuna mwingine huku aliye nayo. Hakupiga kelele. Alisema tu, "Ukiwa sahihi wewe, tutalala njaa na majirani wote. Wakiwa sahihi wao, tutalala njaa peke yetu, na hapa wewe, mume wangu, ni mgeni."

Dada, nilipanda. Nilipanda yote, kwa jembe langu, nikijua kwamba mawingu yale ni ya zamani. Sikuweza kuvumilia shamba langu kuwa tupu peke yake. Manyunyu ya asubuhi moja yaliyaotesha, jua likayaua, na yaliyobaki ardhini wakayafukua kanga. Halikusalia hata moja. Hawa watu nawadharau sana, na mimi nimo.

Wiki ijayo injinia anakwenda kuwaonyesha wafugaji wa Endiinzi. Jenereta nitaibeba mimi.

Kama bado unayo maharage ya Mama, nifungie kidogo katika kitambaa, umpe dereva wa lori yeyote anayepitia Bujumbura kuja huku. Hajara anakusalimu sana, na watoto uwabusu kwa niaba yangu. Kaka Abdullah akiuliza mbegu zilipotelea wapi, usimtajie picha. Mwambie ni jua.

Mdogo wako,
Sumaili