Ugali wa Jirani

Busia, Jumanne usiku

Bado nina hasira. Daktari alituambia sote wawili, mimi na mdogo wangu Ouma, kwamba sukari yetu imepanda mno na ugali tuuache. Ouma yuko kwangu tangu jana, kwa hiyo leo mchana niliingia jikoni mwenyewe. Nilikaanga nyama ya kusaga kwa vitunguu, nikavunjia mayai juu yake, nikamalizia na jibini. Iliiva upesi na kunukia vizuri.

Ouma aliitazama sahani, akacheka. "Mzee, hii ni mboga. Chakula kiko wapi?"

"Hicho ndicho chakula."

"Haya! Nikirudi nyumbani Namboboto nitawaambia umeninyima chakula."

Akanyanyuka, akachechemea hadi kwa jirani, akarudi na bonge la ugali. Amelila lote mbele yangu, akichovya kwenye jibini yangu.

Nilimfokea. Akaniambia niache ualimu, nilishastaafu.

Ualimu gani? Asubuhi ni mimi niliyemfungua bendeji mguuni. Kidonda kimekaribia mfupa. Yeye alikuwa ameugeuzia ukuta uso, asikione.