Kofia Uliyomvisha Mgeni

Mama,

Barua hii nimeianza mara tatu na mara zote nimeichana. Kila nikiandika "Mama" nauona mgongo wako, ule wa siku ile hospitalini Bujumbura, ulipogeukia ukuta nami nikakosa la kukuambia. Miaka yote nimekaa maabara nikipima damu za watu, halafu damu ya mama yangu ikanifunga mdomo. Najikasirikia mpaka leo.

Ulimuuliza daktari swali la haki. Malaria umeishinda, kuhara damu umepona, sasa huu uvimbe wa titi damu yako inauogopa nini? Akakueleza taratibu. Damu ina askari wake, na askari hao walishafika kwenye uvimbe. Lakini katika damu hiyohiyo kuna seli nyingine ambazo kazi yake ni kuwatuliza askari, kuwaambia hapa hakuna adui, rudini. Saratani huziita seli hizo ziizunguke, nayo inakua nyuma ya ngao hiyo. Ukasema polepole:

"Kumbe na damu yangu inavalisha adui kofia."

Daktari alidhani ni homa inasema. Mimi nilijua unasema nini.

Hukupenda tuuguse mwaka wa 1972, mwaka wa mauaji, lakini mimi nilikuwepo, Mama. Nilikuwa na miaka sita, wazazi walionizaa walikuwa wameuawa siku mbili nyuma, na nilikuwa nimejikunja kwenye michikichi ya Kizuka pamoja na mwanamume nisiyemjua, naye anakimbia. Wewe ulikwenda kwa mteja wa kofia, mambo yakakukuta hukohuko, na sasa ulikuwa unajaribu kurudi Rumonge. Kwenye kikapu ulikuwa na kofia ya Baba, mumeo, ile uliyomshonea kwa sherehe ya uhuru. Ulimpelekea mteja auone mshono kabla hajaagiza ya kwake.

Ulituangalia. Hukuuliza sisi ni wa upande gani. Yule mwanamume ukamvisha kofia, mimi ukanifunga kitenge kichwani, tuonekane watu wa kwenu, ukaninong'oneza kwa Kirundi: "Ceceka." Nikanyamaza kweli. Kwenye bariyeri, kizuizi cha askari barabarani, mkojo ulinishuka mpaka kwenye vidole vya miguu, na sikutoa sauti.

"Huyu shemeji yangu, huyu mutoto wangu Mwajuma," uliwaambia askari. "Hawa ni wetu."

Siku hiyo ilikuwa Ijumaa. Ndivyo nilivyopata jina.

Mwanamume yule hakulala kwetu. Alishika njia ya Kigwena atafute mtumbwi wa kumvusha Tanzania, na kofia ikabaki kichwani mwake. Hapo ndipo ulipokosea, na kosa hilo lisingempata mtu ila mshona kofia wa Rumonge. Mji mzima ulijua mshono wako. Walimkamata, sijui walimfanya nini, na siku ya tatu askari wakaingia mtaani na kofia mkononi wakiuliza ni ya nani. Mtu wa kwanza waliyemuuliza aliwaonyesha mlango wetu. Baba alikupita mlangoni, akasimama mbele yako.

"Ni yangu," akasema. "Ni mimi nilimupa."

Wakamchukua. Hakurudi, wala hatukupewa maiti ya kuzika. Tangu siku ile hukushona kofia tena. Ulinilea kwa kuuza mawese, na sindano zako zikalala kwenye kopo.

Sasa nikwambie kwa nini nilikunyamazia hospitalini. Haikuwa kwa kutojua. Niliogopa. Tulivuka watu wawili kwa neno moja, Mama, na kama lilikuwa kosa kwa yule, basi na mimi ni kosa lilelile. Mimi ndiye nimekula wali ulioepuliwa kwa ajili ya Baba. Niliogopa kwamba nikifungua mdomo nitakuuliza hilo, na wewe utanijibu.

Jibu lenyewe nilikuwa nalo. Seli zile si wasaliti. Wako watoto wachache wanaozaliwa bila seli hizo kufanya kazi, na askari wa damu yao hugeuka wakala utumbo, wakala ngozi, wakala kila walichoapa kukilinda. Wengi hawafiki mbali. Maisha yako yote seli hizo zilisimama mbele ya viungo vyako na kuwaambia askari hawa ni wetu, na ilikuwa kweli, ndiyo maana uliishi mpaka ukazeeka. Mbele ya uvimbe zilikosea. Kukosea zinakosea. Lakini asiye nazo hafi kwa uvimbe, anakufa kwa askari wake mwenyewe. Ningekwambia hivyo ukiwa bado unasikia.

Juzi tumekusomea arobaini yako. Wageni walipoondoka, Mama Zaina, jirani yetu wa ukuta mmoja, alibaki akinisaidia masufuria, akaniuliza kama nakumbuka siku waliyomchukua Baba. Nikamwambia nilikuwa na homa, nimelala. Akasema ndiyo, nilikuwa nimelala. Baba walishampandisha, gari linanguruma, askari mmoja akarudi ndani akanifunua shuka, akakuuliza wewe: na huyu?

Ulikuwa umeshaona neno lile linaleta nini, Mama. Baba alikuwa barabarani, ndani ya gari, mikono imefungwa.

"Huyu ni wetu," ulimwambia.

Niliacha masufuria nikaenda kulia uani.

Mama Zaina anaukumbuka mshono wako, ameniapia. Sindano nimezitoa kwenye kopo, zina kutu kidogo tu. Nitajifunza hata kwa kujichoma vidole, na kofia ya kwanza itakuwa ya mjukuu wako, aivae mchana kweupe, mji mzima ujue ni ya nani.

Mungu akuweke karibu na Baba. Msalimie, mwambie nimekua.

Mtoto wako,
Mwajuma